Namba Arobaini na Moja

Mume wangu Settimio alikuwa amepiga magoti mbele ya mche namba arobaini na moja, jembe dogo mkononi, nami moyo ukinidunda kama wa mwizi. Na mwizi nilikuwa mimi.

Kwa miaka kumi na minane, kwenye matuta yetu haya juu ya Sanremo, alichagua mijerbera, mimea ya maua yanayofanana na alizeti ndogo, ile yenye kutoa maua mengi, akaizalisha, kisha akachagua tena katika miche iliyozaliwa. Kila ua lililochumwa liliandikwa kwenye daftari. Mche mvivu uling'olewa. Lakini mezani kwetu, nyumba ya mkulima wa maua, palikuwa na chumvi na chupa ya mafuta ya zeituni tu.

"Ua ni la kuhesabiwa, Delfina," angeniambia, "si la kukodolewa macho."

Haya. Ijumaa moja ndiyo, moja siyo, akishateremka kunywa kahawa, niliingia kwenye nyumba ya vioo alimoikuza miche yake nikajichukulia ua moja. Siku zote la arobaini na moja, kwa ile rangi yake ya chungwa bivu. Nililiweka chumba cha cherehani, ambako hajakanyaga tangu tuoane, na hapo likanifurahisha majuma mawili.

"Huu ulianza kwa mbwembwe," alisema sasa, "kisha ukaniangusha. Mwaka mzima, ishirini na manne! Nje."

"Acha!" Sauti ilinitoka kabla sijaipima. "Ongeza ishirini na sita."

"Ya nani hayo?"

"Yangu. Nimeiba."

Akacheka. "Wewe? Ningeona vikonyo vilivyokatwa."

"Nani kakata? Unashika chini kabisa, unazungusha, unavuta. Si ulinifundisha mwenyewe, tukiwa wachumba?"

Kicheko kikamkauka. Akafungua daftari, akajumlisha kwa kidole, akarudia. Hamsini. Hakuna mche wake uliowahi kupita arobaini na matatu.

Nilingoja radi.

"Delfina we!" alipiga kelele. "Mwizi mwenye jicho!" Akanikumbatia na tope lake lote, akanizungusha mpaka kiatu kikanichomoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa mwezi mzima. Nikajikuta nacheka hadi machozi.

Ijumaa iliyofuata hakwenda kunywa kahawa. Aliingia jikoni na ua moja la arobaini na moja, akalitia kwenye glasi, akaisogeza chupa ya mafuta lipate nafasi. Daftari lilikuwa mfukoni.

"Huandiki?" nilimuuliza.

"Niandike nini?" Akavuta kiti, akakaa kulitazama. "Hili limeibwa."