Filamu ya Msiba wa Bibi Gati

Nchagwa alikuwa na hukumu mbili tu kwa kila filamu iliyopata kutengenezwa chini ya jua: tazama, au ruka. Ya katikati hakuwa nayo. Shuleni bwenini walimwita Jaji, na Jumamosi runinga ya bwalo ilipowashwa, wenzake walisubiri atamke ndipo waketi. Heshima hiyo haikumzuia kuwaahidi filamu ya vita kisha akawawekea ya ufugaji bora wa nyuki. Kidato cha tatu kizima kilikaa kimya kikingoja bomu.

Mtu mmoja tu alithubutu kukata rufaa: shangazi yake Tabitha, muuguzi wa zahanati moja mkoani Kigoma. Kila likizo walibishana kwa simu. Shangazi alizipenda za Kihindi za zamani, zile ambazo mama hupotezana na mwanawe sokoni, akaja kumtambua uzeeni kwa wimbo.

"Mama gani anasahau sura anakumbuka wimbo?" Nchagwa aliuliza. "Huo ni uzembe. Ruka."

"Mura, kijana wangu, wewe bado hujapoteza mtu. Hizi zenu mpya, mtu akifa wenzake wanapanda gari wanaondoka, hata kulia hawalii. Hizo ndizo za kuruka."

Katika mabishano hayo Nchagwa alimfundisha mchezo wa kukamata makosa: kikombe kilichokuwa kimejaa mara ni kitupu, mshumaa unarefuka badala ya kufupika. "Usiangalie sura, Shangazi. Angalia kikombe."

Mwezi wa nne, Bibi Gati, mama yake Tabitha, akafariki. Wakamzika nyumbani, Turwa. Nchagwa alikuwa kwenye mitihani, na Tabitha hakufika. Alikuja mwezi wa sita, na alipopokewa begi hakuomba maji wala chakula.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Filamu ya mazishi ipo?"

"Ipo."

"Sikumwona mama akienda. Nataka nimwone."

Machage, baba yake Nchagwa, alikuwa kaka mkubwa wa Tabitha. Alikuwa mtu ambaye akikohoa, ng'ombe husimama. Siku hiyo alimwita mwanawe zizini, akanong'ona kama mtu anayeficha mgonjwa.

"Si wewe mtaalamu wa filamu? Pale ninaposhika kipaza sauti, paruke."

"Shangazi atajua, Baba."

"Akisikia yale maneno hatakanyaga tena hapa. Nina dada mmoja tu."

Nchagwa alipajua mahali penyewe. Alikwisha kuitazama filamu hiyo na kuihukumu bila huruma. Mpiga video, kijana wa mjini aitwaye Enock, alikuwa ameipamba kwa maua yanayoelea, na njiwa mweupe aliyetokea kushoto, akapita juu ya jeneza na kupotelea kulia, kila palipokuwa na majonzi. Baada ya maneno ya Machage mvua ilinyesha, Enock akaifunika kamera kwa mfuko wa nailoni, na kilichofuata kilikuwa ukungu mtupu. Hapo Nchagwa hakuwahi kuvumilia. Aliruka moja kwa moja hadi kaburini.

Walikaa sebuleni mchana, wao watatu. Jeneza lilipotolewa nyumbani, njiwa akapita. Tabitha alilia bila sauti, khanga mdomoni. Mchungaji akaomba, mwavuli wake kauegemea kama bakora. Nchagwa akakohoa kwa heshima zote za msiba, akabonyeza rimoti. Jeneza likawa linashuka kaburini.

"Rudisha," Tabitha akasema.

"Nirudishe wapi, Shangazi?"

"Mwavuli wa mchungaji ulikuwa umefungwa, mkavu. Sasa umefunguliwa na unatiririka maji. Hiyo mvua imenyesha saa ngapi?"

Nchagwa alikuwa amewafundisha watu mambo mengi mabaya maishani. Hili la vikombe ndilo la kwanza kumrudia. Akatelezesha kidole nyuma ya rimoti.

"Betri zimekufa."

"Zitoe mfukoni."

Akazitoa. Machage akasimama. "Ngoja nikaangalie ng'ombe."

Tabitha hakumtazama kaka yake. "Jaji, nakuuliza wewe. Nitazame au niruke? Utakalosema nitalifuata."

Ruka ingewapa wote chakula cha jioni chenye amani. Nchagwa alimwangalia baba yake mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mtu yule mkubwa anaogopa. Kisha akamwangalia shangazi. Angeondoka na lile tundu kwenye filamu, akakaa nalo Kigoma, akalijaza mwenyewe usiku baada ya usiku, na angelijaza kwa mabaya kuliko yaliyomo.

"Tazama," akasema. Sauti yake haikuwa ya jaji. "Ila Baba akae."

Machage akakaa.

Kwenye runinga, Machage akapokea kipaza sauti. "Mama alizaa watoto wawili. Leo anazikwa na mmoja. Huyo mwingine ana kazi."

Waombolezaji wakaguna. Sebuleni Machage aliangalia miguu yake. Kidole gumba cha Nchagwa kikasogea chenyewe kwenye rimoti, lakini shangazi akamshika mkono.

Mvua ikaanza. Nailoni ikashuka mbele ya kamera, ukungu ukatanda. Ndani ya ukungu ule watu walikimbilia kwenye maturubai. Mmoja hakukimbia. Alikwenda hadi langoni, karibu na pale Enock alipokuwa amejibanza na kamera yake, akasimama akiitazama barabara, suti ikimganda mwilini. Mchungaji akamfuata, akafungua mwavuli.

"Machage, muda umekwenda."

"Subirini kidogo. Alisema atajaribu."

"Ndugu yangu, kaburi linajaa maji."

"Kidogo tu, Mchungaji. Labda ni basi limechelewa."

Nchagwa aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Hapo ndipo alipopahukumu kwamba hapana cha kutazama.

"Ulisimama pale muda gani, kaka?" Tabitha akauliza.

"Sijui. Mpaka viatu vikajaa."

Tabitha alikunja pindo la khanga, akalikunjua. "Niliposema nitajaribu, nilikuwa najua siji. Zahanati nzima nilikuwa peke yangu, na kina mama wawili wana uchungu. Niliogopa kukwambia siji."

"Ungesema."

"Ningesema."

Machage alijipangusa uso kwa kiganja, toka juu hadi chini, kama mtu aliyetoka mvuani sasa hivi. Kwenye runinga jeneza likaanza kushuka, njiwa akatokea kushoto.

"Na huyu ndege," Machage akauliza kwa sauti iliyokwaruza, "ni wa nini?"

Hakuna aliyejua. Tabitha akacheka, na kicheko kikamkatikia kooni, kikawa kile kilio kilichokuwa kikimsubiri tangu mwezi wa nne. Machage akaacha kiti chake, akaenda kukaa karibu naye.

"Mura," Tabitha akasema alipoweza, "irudishe mwanzo. Tutazame wote."

"Na pale pangu?" Machage akauliza.

"Asiruke."

Jaji alikuwa na maoni mazito kuhusu njiwa. Aliyameza. Aliirudisha filamu mwanzo, akaiweka rimoti juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi usingeifikia.