Ndoo Iliyonyamaza

Ndoo ilikuwa kimya. Msichana aliinama, akabandika sikio ubavuni mwa ndoo kama shangazi alivyomfundisha, akasubiri mpaka shingo ikamuuma. Maji ya kimea yaliyopoa na kukorogwa jana asubuhi yalipaswa kuwa yananong'ona sasa. Hakusikia kitu ila moyo wake mwenyewe.

Shangazi alikuwa uani, kwenye pipa la moshi, akikausha mbavu za mbuzi. Hakuhitaji kufunua pipa, alisoma moshi. Ukitoka mzito na mweupe alipunguza kuni, usije ukaitia nyama uchungu. Ukitoka mwembamba, karibu usionekane, aliketi.

"Pombe imeamka?"

"Bado, shangazi."

"Bado? Fundi cherehani anaichukua Jumamosi, leo Jumatano, unaniambia bado?"

Aliingia jikoni, akasikiliza, akanusa. Kisha macho yake yakatua kwenye mwiko mrefu ukutani. Siku zote ulikuwa mweusi, umeganda utando. Leo ulikuwa mweupe kama mfupa.

"Nani ameuosha?"

"Mimi. Juzi, ulipokwenda sokoni. Niliuchemsha, nikausugua kwa sabuni. Nilitaka ukute jiko linang'aa."

Shangazi akakaa kigodani. Hakugomba, afadhali angegomba.

"Hamira yetu ilikuwa kwenye mwiko ule," alisema. "Bibi yako hakununua hamira hata siku moja. Aliniachia mwiko, nami sikuuosha. Wala sikukuambia. Nani huosha mwiko wa pombe?"

Msichana alitoka, akaenda uani. Kumbe ule uchafu ulikuwa hai! Kitu kisichoonekana kwa macho kilikuwa kikila, kikilala na kuamka tangu kabla hajazaliwa, kikipita mkono hadi mkono. Na yeye amekimaliza kwa sufuria moja ya maji. Bibi aliyezikwa zamani alikuwa bado anafanya kazi mle jikoni.

Ndipo alipokiona kitambaa cha kufunikia ndoo, kwenye kamba kando ya pipa, kimefifia kwa moshi. Wiki mbili alikuwa akiambiwa akifue. Katikati yake povu la pombe iliyopita lilikuwa limekauka, gumu kama gamba.

"Shangazi," aliita, "uvivu wangu huu hapa."

Shangazi alikitazama, akamtazama yeye, kicheko kikamponyoka. "Mwanangu, Mungu akuzidishie."

Walikata lile gamba, wakaliloweka katika kikombe cha maji ya kimea yenye uvuguvugu, wakafunika. Adhuhuri, kimya. Alasiri, kipovu kimoja kilipanda, kikasita, kikapasuka. Kikafuata kingine. Vilipokuwa vingi, wakamimina kikombe ndooni.

Asubuhi povu lilikuwa limeinua kifuniko, na harufu ya moshi imejificha ndani yake. Msichana alibandika sikio: ni kama umati wa watu wanaoongea kwa sauti ya chini katika chumba cha pili.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Fundi cherehani aliingia kwa kishindo. "Pombe yangu ya Jumamosi i hai? Na wewe, Bubu, hujambo?"

Siku zote msichana akimsikia hujificha nyuma ya mlango bila kumjibu. Leo aliinua kidole.

"Punguza sauti, fundi. Njoo usikilize."

Akasogea kumpa nafasi. Fundi akamtazama shangazi, aliyekuwa amesimama na mwiko unaochuruzika povu, hana mpango wa kuufuta. Kisha akavua kofia, akapiga magoti kando ya ndoo.