Idhini ya Mwari

Ilham alikuwa amewekwa ndani, kama ilivyo ada ya biharusi, katika chumba cha ghorofani kwao Malindi, Unguja. Hachungulii dirishani, hashuki ngazi. Kazi yake kusingwa mwili kwa liwa tu, na kumsikiliza somo wake, Bi Shemsa, aliyekuja kila alasiri kumfunza mambo ya unyumba. Bi Shemsa akitia komeo mlangoni kwanza, maana maneno yale hata mama mzazi hayasikii.

Kando ya kitanda palikuwa na spika ndogo ya intaneti, zawadi ya mchumba wake, Munir. Ukiisemesha inakujibu, ukitaka kaswida inakuwekea. Ilham aliipenda. Ilimpunguzia upweke.

Jumatano aliingia Salhiya, binti ami yake, uso umemsawijika.

"Bi Shemsa, nisamehe. Hii si sauti yako?"

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya Bi Shemsa ikieleza yasiyosemwa mbele za watu, kisha kicheko cha Ilham mwenyewe.

"Imezagaa kwenye magrupu mpaka Mkokotoni."

Bi Shemsa akakaa kitako mkekani. "Humu tulikuwa wawili tu," alisema, akimkazia macho Ilham.

"Wallahi somo, si mimi!"

"Na hiki je?" Salhiya aliinyooshea kidole spika.

Ilham akampigia Munir. Akamuuliza habari ya spika.

"Inahifadhi inayoyasikia. Yanaingia kwenye tableti yetu ya sebuleni, na ndugu zangu wote wanaitumia. Sikufikiria, Ilham."

"Na wewe umesikiliza?"

"Mara moja tu. Nilikukumbuka."

Ilham akajitanda kanga mpaka shingoni.

"Yatapita," Munir alisema. "Nyumba yetu ya Uroa tutakayohamia, spika hizi nshazitia kila chumba. Ntabadilisha neno la siri tu."

Bi Shemsa alivaa buibui lake. "Nimewafunza wana wa watu tangu ujana wangu. Sijapata kuvuliwa nguo hivi." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama yake Ilham alipopata habari alilia, kisha akajifuta machozi. "Wageni wa Tumbatu washavuka, mwanangu. Ukivunja harusi sasa, watasema ni kwa maneno yale. Aibu itakuwa yako."

Ilham aliichomoa spika akaitupa chini ya kitanda. Hata hivyo akaanza kunong'ona, kisha akaacha kusema kabisa. Akitazama simu, akitazama televisheni, hajui kipi kinasikia.

Ijumaa baba yake alipanda na mashahidi wawili, wakasimama mlangoni.

"Ilham, Munir anataka kukuoa. Unaniidhinisha nikuozeshe?"

"Hapana" ilimfika kooni. Akafikiria nani ataisikia, na kabla ya Isha itakuwa imefika wapi. Akafumba mdomo. Machozi yakamdondokea mikononi, juu ya hina mbichi.

Baba alingoja. Shahidi mmoja akatabasamu kwa upole.

"Mwari akinyamaza, karidhia," alisema.

Wakateremka ngazi. Punde vigelegele vikapaa toka chini.