Moshi wa Jiko la Shule

Huko vilimani Kasungu watoto hawakuwa na haja ya kengele. Waliangalia moshi. Ukionekana kwenye jiko la shule, uji upo, wanabeba vikombe mbio; usipoonekana, wanabaki kwenye mashamba ya tumbaku ya watu. Na mwenye kuuwasha moto huo alikuwa Nasibeko, mama mzima, mdomo wa kugombeza, moyo laini.

Muhula huo bajeti ya uji ilikatwa. Waliokata walikuwa wameshiba, hilo sina shaka nalo. Unga ukaisha, moshi ukakoma, madarasa yakabaki na watoto wa kuokoteza.

Mwalimu mkuu Gomezgani akamfuata jikoni. "Mama, Alhamisi wakubwa wanakuja kuhesabu watoto. Wakikuta madawati matupu wanatufuta kabisa kwenye mgao. Washa moto."

"Nipike nini, mawe?"

"Chemsha maji tu. Waje wahesabiwe."

"Huko ni kuwadanganya watoto, mwalimu!"

"Siku moja tu, mama yangu. Wakihesabiwa, unga unarudi."

Nasibeko akawasha, akatia na majani mabichi moshi uwe mzito. Weee, watoto walivyomiminika! Mbele kabisa alikuwa Tiyamike, yatima anayelelewa na bibi yake huko mlimani, mdogo wake kambeba mgongoni. Wakubwa wakahesabu, wakaridhika, wakapanda gari lao. Ndipo watoto wakajipanga na vikombe vyao.

Nasibeko akachota maji ya moto yaliyotiwa chumvi. Tiyamike akapiga goti kupokea, kama alivyofunzwa. Akaonja, akamtazama mama yule usoni.

"Asante, mama," akasema, akamnywesha mdogo wake maji yote. Jamani! Nasibeko alitamani ardhi ipasuke immeze.

Unga ulirudi kweli, wiki iliyofuata. Nasibeko akaamka alfajiri, akakoroga uji mzito wa karanga huku akiimba, moshi ukatanda. Wakaja wa jirani, waliosikia harufu. Wa mlimani hakuja hata mmoja.

Akajaza kindoo, akapanda mlima mwenyewe huku akihema. Alimkuta bibi yake Tiyamike kibarazani, kampakata yule mdogo.

"Tiyamike yuko wapi?"

"Kapanda lori la vibarua wa tumbaku asubuhi hii. Wanakwenda mbali, hata shamba lenyewe silijui."

"Kwani moshi hakuuona? Leo nimepika, bibi! Uji wa kweli!"

"Aliuona. Lori lilikuwa bado linapakia. Nikamwambia, mjukuu wangu, moshi ule pale, kimbia shule. Akacheka. Akasema, 'Bibi, yale ni maji.'"

Nasibeko akakaa chini vumbini, akalia bila kujificha. Mtoto akakinyoshea kindoo mkono. Nasibeko akakifunua, akamnywesha, na uji ulikuwa bado wa moto.