Mashine Isiyo na Mkwe

Esnath Mligo alikuwa anakohoa tangu mvua za kwanza, na Lupembe nzima ilikuwa na maoni. Wa kanisani walisema ni baridi. Wa kwenye mizani ya chai walisema ni moshi wa jikoni. Yeye mwenyewe alisema ni uzee, ingawa miaka sitini na miwili si umri wa kushindwa kupandisha kikapu cha majani hadi barabarani lori linaposimama. Siku hizi alipumzika mara tatu njiani, akijifanya anainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, havina kamba.

Hospitali ilikuwepo, Njombe mjini, yenye mashine nzuri, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Aliyesoma picha za eksirei katika hospitali hiyo alikuwa Sila Sanga, kijana wa Makete, na Sila Sanga ndiye aliyemwoa binti yake Noela.

Asiyejua mambo ya ukwe atasema mama huyu ana bahati. Esnath hakuiona bahati hiyo. Alivyolelewa yeye, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Miaka tisa ya ndoa, Sila hakuwahi kumwona Esnath bila kitenge mabegani, na Esnath hakuwahi kumtazama Sila usoni kwa muda mrefu kuliko wa kutoa salamu ya kamwene. Sasa mtu huyohuyo akifungue kifua chake kwenye kioo na kumhesabu mbavu?

"Bora nife na heshima yangu," alimwambia Noela kwenye simu.

"Mficha maradhi, mama," Noela akasema, akaishia hapo.

Methali hiyo Esnath aliimalizia mwenyewe kichwani, akaudhika, akakata simu.

Noela alikuwa anakaa Lyamkena, pale Makambako, na alikuwa na duka la nguo za watoto. Mumewe alishinda Njombe wiki nzima na kurudi nyumbani Ijumaa. Jumatatu moja Noela alipiga simu tena, safari hii sauti yake ina habari. Gari la kupima kifua kikuu lilikuwa limekuja uwanjani karibu na duka. Kipimo ni bure. Na kubwa zaidi, picha haisomwi na mtu, inasomwa na kompyuta. Akili mnemba, ile inayozungumzwa redioni.

"Siyo mtu?" Esnath aliuliza.

"Siyo mtu, mama."

"Kabisa?"

"Kompyuta, mama. Njoo."

Kesho yake alipanda basi la kwanza. Basi lilipita Njombe, likapita hadi kwenye njia panda ya hospitali ileile, na Esnath akageuza uso kwenye dirisha la upande wa pili, kama anavyofanya mtu asiyeonekana ibadani akipishana na mchungaji. Kisha akakaa ndani ya basi saa nzima zaidi ili akapimwe Makambako. Mimi nimewahi kuona watu wakiukimbia ugonjwa, lakini wa kuikimbia hospitali na nauli mkononi ni wachache.

Foleni ilikuwa ndefu na ina ubishi. Mbele yake alisimama fundi pikipiki mmoja, Rabson, ambaye hakuiamini mashine hata kidogo.

"Kompyuta ilikosea jina langu kwenye kitambulisho," alisema. "Jina la herufi sita. Mapafu yangu itayaweza?"

Mama mmoja aliyebeba mtoto alimjibu kwamba daktari naye huchoka. Ikifika saa nane njaa inamuuma, anakuangalia juu juu na kusema ni mafua. Mashine haina njaa. Rabson akasema hata hivyo angependa akifa awepo mtu wa kulaumiwa, na watu wakacheka.

Esnath hakuchangia. Alisikiliza pande zote mbili akaona hakuna aliyelifikia jambo lake. Kama kompyuta ilikuwa na akili nyingi au kidogo, hiyo ilikuwa juu yake. Yeye aliipenda kwa sababu haikuoa nyumbani kwake.

Hata hivyo tahadhari ni tahadhari. Nesi wa kuandikisha, binti mchangamfu aliyeitwa Jackline, alipouliza jina, Esnath alijibu, "Oliva Mligo." Oliva alikuwa mdogo wake, marehemu miaka kumi na miwili, na asingejali kuazimisha jina.

"Umewahi kutibiwa kifua kikuu, mama Oliva?"

Esnath alikuwa amewahi. Akiwa msichana wa miaka kumi na saba alilazwa hospitali ya misheni Lugarawa, akachomwa sindano hadi akashindwa kukaa. Lakini Oliva hakuwahi, na Esnath alikuwa mwongo wa aina yake: akishavaa jina la mtu, anajibu kwa niaba ya mwenye jina.

"Hapana," alisema.

"Namba ya simu?"

Oliva hakuacha simu. Esnath akataja yake.

Alivua sweta, akasimama mahali alipoelekezwa, akavuta pumzi na kuibana. Haikuchukua muda, Jackline akamwonyesha kioo. Kilikuwa na mbavu nyeupe, mapafu meusi, na juu ya pafu la kulia doa jekundu ambalo kompyuta ilikuwa imelipaka yenyewe. Pembeni paliandikwa themanini na saba kwa mia. Esnath aliangalia mbavu zake kwa mara ya kwanza maishani, akashangaa kwamba haoni aibu. Kitu kile kilikuwa kimemtazama hadi ndani ya mifupa na hakikumjua yeye ni nani, na alikipenda kwa hilo.

"Namba hiyo ni kubwa, mama," Jackline alisema kwa upole. "Tutapima makohozi."

Makohozi yalipimwa. Hayakuwa na vijidudu. Jackline alikuna kichwa.

"Basi picha tutaituma Njombe, daktari aiangalie aamue. Kwa namba kama hii, mara nyingine wanaanzisha dawa hata kama makohozi ni safi."

"Niliambiwa inasoma yenyewe."

"Inasoma yenyewe, mama. Lakini haitibu wala haisaini. Lazima mtu."

"Ifute."

"Haifutiki, mama Oliva. Na kwa nini uogope? Inakwenda picha, wewe huendi."

Aliposikia anaitwa Oliva, Esnath alitulia. Iende. Sila angeona mbavu za mwanamke mmoja wa Lupembe asiyemjua, asaini, mambo yaishe.

Alibaki kwa Noela kusubiri majibu, akijishughulisha na kazi ndogondogo za duka. Simu ilikuja Alhamisi, Noela akiwa na mteja. Esnath aliipokea nyuma ya duka.

"Mama Oliva, daktari amejibu," Jackline alisema. "Ila ana maswali kwanza. Unalala na mito mingapi?"

"Mitatu. Nikilala chini nakohoa."

"Miguu inavimba jioni?"

Esnath aliitazama miguu yake. "Inavimba."

"Na ameuliza kama zile sindano za Lugarawa ulizimaliza zote."

Esnath alikaa kwenye gunia la nguo. Picha inaweza kuonyesha kovu, lakini mbavu haziandikwi jina la hospitali. Aliyeuliza vile alikuwa anamjua, na habari za Lugarawa alizisikia kwa Noela. Ndipo alipokumbuka namba ya simu. Laini ile alinunuliwa na Sila, ikasajiliwa na Sila, na ilikuwa ndani ya simu ya Sila kwa jina la Mama. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa na urefu wa tarakimu kumi.

"Nilizimaliza," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ndivyo alivyoandika. Lile doa ni kovu la zamani, siyo kifua kikuu. Lakini moyo umetanuka, mama, na maji yameanza kujaa kwenye mapafu. Hicho ndicho kinachokukohoza. Anataka uonwe Njombe Jumatatu, usipitishe."

"Kompyuta haikuuona moyo?"

"Haikufundishwa moyo. Ilifundishwa kifua kikuu tu, ikajibu ilichoulizwa." Jackline aliendelea kusoma. "Kuna maneno mengine hapa chini, mimi sijayaelewa. Ameandika kwamba atakuona daktari Eufrasia, ambaye ni mwanamke. Na kwamba Jumatatu hiyo yeye mwenyewe hatakuwepo chumbani wala kwenye jengo."

Esnath alishukuru, akazima simu, akalia. Alilia kwa aibu, lakini haikuwa ile aliyoikimbia. Alikuwa amemficha mkwe wake mwili, na mkwe wake, baada ya kuuona, alikuwa wa kwanza kuusitiri.

Ijumaa Sila hakurudi nyumbani. Alimwambia mkewe ana zamu. Noela alilalamika kwamba zamu gani hiyo mama yake akiwa mgeni, na Esnath akamwambia amwache, mwanaume akifanya kazi aachwe afanye. Usiku huo alimweleza Noela yote. Noela hakumcheka, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jumatatu walikwenda Njombe. Daktari Eufrasia alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache. Alimpima presha, akakunja uso, akampima moyo kwa ile mashine ya kupaka mafuta baridi kifuani. Alimpa vidonge vya presha na vya kutoa maji, akamkataza chumvi.

"Umefika kwa wakati, lakini si mapema sana," alisema. "Kila mwezi utarudi, tupige picha tuone kama maji yanapungua. Ukiacha, mama, sikudanganyi, mwaka huu hautauona ukiisha."

"Na picha atasoma nani?"

"Sila. Ndiye tuliye naye. Kompyuta ya kwenye gari haina habari na moyo." Eufrasia alifunga faili. "Leo ameomba ruhusa, nikampa. Kila mwezi siwezi kumpa."

Walipotoka, ukungu ulikuwa umeshuka na baridi ya Njombe ilikuwa inafanya kazi yake. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza chai, Sila alikuwa amekaa ameipa hospitali mgongo, kola ya koti imesimamishwa. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Muuza chai alikuwa ameshaacha kumuuliza kama anaongeza.

Noela alitaka kumwita. Esnath alimshika mkono, akavuka barabara peke yake, akapumzika mara moja katikati bila kujifanya anafunga viatu.

"Kamwene, baba," alisema.

Sila alisimama haraka, macho yakashuka chini. "Kamwene, mama." Akasogea pembeni ili ampishe.

"Kaa."

Hakukaa. Esnath ndiye aliyekaa, mwisho wa benchi, maana miguu ilikuwa imekataa.

"Ulijuaje? Ni namba ya simu?"

"Namba, mama." Sila alizungumza na ardhi. "Moyo niliuona. Lakini kompyuta ilisema themanini na saba, na kwenye fomu umejibu hujawahi kuugua. Nilikuwa nimeshaandika dawa za kifua kikuu za miezi sita, moyo tuuangalie baadaye. Nikashuka chini ya fomu kutafuta namba ya simu, nesi akupigie. Kwa moyo ule, miezi sita usingefika. Ningekuzika mama, na nisingejua kwamba ni mimi."

Maneno hayo yalimwingia Esnath kuliko baridi. Alikuwa amejiona ndiye pekee mwenye kitu cha kupoteza kwenye picha ile. Hakuwaza hata mara moja kwamba upande wa pili wa kioo kuna mtu ambaye angebeba kifo chake kwenye saini yake mwenyewe. Mashine ingekosea ikalala. Huyu asingelala tena.

Akainua macho akamtazama mkwe wake, usoni, bila haraka. Alikuwa na mvi mbili tatu kwenye ndevu, na midomo imekauka kwa baridi, na alikuwa anafanana na mtoto wa mtu.

"Mwezi ujao nitaandika Esnath," alisema. "Na ukisikia nimefika, usitoke. Isome wewe."