Malaika Mwenye Jembe

Mvua zilipokaribia kuisha, Achamma alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na alikuwa amelirudia mpaka huenda Mungu mwenyewe alishalichoka: mumewe abatizwe kabla hajafa. Moto wa jehanamu haukumtisha. Kuruvilla alikuwa mtu mwema, na Achamma alishaelewana na Mola wake juu ya hilo. Shida ilikuwa udongo. Kwenye makaburi ya kanisa lao la Kipentekoste, kule mlimani, hazikwi mtu ambaye hakuzamishwa majini. Na Kuruvilla, aliyebaki maisha yake yote kwenye kanisa la kale la baba zake, lile la ubani na mishumaa, angevushwa mto akalazwe kwenye kaburi la ukoo. Yeye huku, mumewe kule, na mto wa Manimala katikati yao mpaka parapanda ilie.

"Mtoni huna haja ya kwenda, Baba Kunjumon," alimbembeleza. "Mchungaji Shibu amesema watajaza tangi hapa uani. Maji ya uvuguvugu."

"Kwani mimi muhogo, nichemshwe?"

"Mambo ya Mungu hayachekwi."

"Mimi nilishabatizwa, mama. Nikiwa mchanga. Nililia mpaka padri akasema basi, imetosha."

Alisema hivyo akiwa kwenye kitanda barazani, anautazama mlima. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa maneno mazuri, na wote wawili waliyaelewa maneno hayo.

Kanisa lile lilianzia kwenye kibanda cha makuti, uani kwa msuka mikeka. Mchungaji wa kwanza, Pathrose, alikuwa mtu mkavu mwenye shati moja jeupe na sauti ya kuamsha ng'ambo ya mto. Waliomfuata walivua dhahabu, kwa sababu kwao aliyezaliwa upya hana haja ya kumetameta. Achamma, bibi harusi wa nyumba kubwa, alivua bangili zake zote, akavua hata kile kidani cha dhahabu, chenye umbo la jani, alichofungwa shingoni siku ya ndoa, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Kuruvilla alifumba mkono, akasema, "Sawa." Hakuongeza neno. Baba yake ndiye aliyeongeza, tena mengi, hasa aliposikia mkwewe anakaa mkeka mmoja na vibarua wa shambani mwake.

Kisha akazaliwa Kunjumon. Hilo lilikuwa jina la kumbembelezea tu, maana jina lenyewe mtoto hupewa kwenye ubatizo wa kanisa la kale, na Achamma alikataa asipelekwe. Atazamishwa akikua, alisema, akiamini kwa moyo wake mwenyewe. Homa haikusubiri akue. Ilimchukua hata kujigeuza hajajua.

Kanisa la kale likasema asiyebatizwa hana kaburi kwao. Babu yake akasema kiwanjani kwake hazikwi mzushi, mkubwa wala mdogo. Mvua ilikuwa inamwagika, na kisanduku cha maiti, cha mbao za mfenesi, kikakaa barazani. Achamma hakula, hakusema, hakulia. Hatimaye asubuhi moja waumini wakakibeba bila kujua wanakwenda wapi. Kuruvilla, aliyekuwa mbele na kisanduku begani, akasema, "Tupite mlimani, chini kumejaa maji." Wakapanda katika ukungu, katikati ya mipilipili manga, na huko juu wakakuta kaburi. Lilikuwa limeshachimbwa, kingo zimenyooka, kipimo cha mtoto.

Pathrose akapiga magoti kwenye matope. "Malaika wa Bwana ametutangulia!"

Watu walilia na kuimba mpaka mvua yenyewe ikanyamaza. Jioni ile Achamma akala wali.

Mlima ulikuwa wa baba yake Kuruvilla, lakini hakuthubutu kufukua kaburi la malaika; alipofariki, mlima ukaangukia fungu la Kuruvilla, naye akawapa waumini kipande kile. Wakajenga ukumbi wao kando ya kaburi la mtoto, na wakaja wengine kuzikwa pembeni yake. Vijijini wakaliita Kanisa la Malaika. Wajukuu wa wale vibarua leo wako Dubai na Kuwaiti na bado wanatuma fedha za vigae vya paa. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, Achamma husimama na kutoa ushuhuda wa kaburi. Na kila Jumapili Kuruvilla, akishatoka misa yake, alivuka daraja, akapanda mlima, akakaa nje juu ya ukuta mfupi wa makaburi na mwavuli wake, anamsubiri mkewe. Walimtania kwamba ni askari wa Achamma. Naye alicheka nao.

Sasa ilikuwa kumbukumbu kubwa, na maturubai yalishafungwa. Mchana wa kuamkia siku hiyo Achamma alijilaza kidogo, mvua nyembamba ikinong'ona kwenye paa, na ile ndoto ikaja.

Aliijua. Ilimjia kila msimu wa mvua. Mlima mwekundu, ukungu mzito kama tui, na malaika amempa mgongo, anachimba bila kishindo. Udongo unapanda polepole na hauna haraka ya kushuka. Achamma anatembea lakini miguu haigusi chini, na mikono yake ni myepesi, haikubeba kitu. Kila mara huamka kabla malaika hajageuka, na kila mara huamka amefarijika.

Safari hii, ndani ya ndoto kulikuwa na mvua. Malaika akachomeka jembe ardhini, akainama, akakinga kiganja cha kushoto, akawasha sigara. Moshi ukapita begani kwake. Kisha akakohoa.

Kikohozi kile Achamma alikuwa amekisikia kwenye mto wa kulalia, ubavuni mwake, tangu usichana.

Aliamka na harufu ya tumbaku puani. Akatoka barazani, akashika nguzo.

"Baba Kunjumon."

"Mm."

"Malaika wanavuta sigara?"

Kuruvilla hakugeuka. Maji yalidondoka ukingoni mwa paa, yakadondoka tena.

"Wengine," akasema. "Kidogo tu. Kukiwa na baridi."

Achamma akakaa chini, palepale sakafuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nilitaka kusema palepale, Pathrose akaniwahi. Si unaijua ile sauti? Nikasema jioni nitamwambia mke wangu. Jioni ukala, Achamma. Umeshika sahani, unasema malaika amemtandikia mwanangu, huku unakula. Ukamaliza yote. Mimi nikunyang'anye sahani?"

"Na mwaka uliofuata?"

"Mwaka uliofuata ulikuwa umeshakolea ushuhuda. Unautoa vizuri, bwana! Ningeanzia wapi?"

Achamma alikasirika. Kisha akaona aibu, kisha akampenda mzee yule kwa uchungu ambao hakujua kama bado anao kifuani.

"Umri wangu wote namsifu mwingine, na wewe umekaa pale ukutani unanisikia!"

"Nani mwingine anasifiwa na mkewe mbele za watu kila mwaka? Nilikuwa naona raha." Akakohoa, akapumua. "Tena nisikudanganye. Pale ukutani sikuwa nakusubiri wewe tu. Nilikuwa nakaa na mtoto."

Ndipo Achamma alipolia kile kilio alichokosa kulia kisanduku kilipokuwa barazani.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Wanawake waliketi upande wao, wamevaa nguo nyeupe tupu, bila hata hereni. Kuruvilla aliletwa na bajaji, akawekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, nje, na mwavuli mapajani. Achamma akapewa kipaza sauti. Kanisa hili lote lilisimama juu ya kaburi lile. Je, akimtoa malaika wao, ataacha nini? Aliwatazama vijana walioachishwa pombe humu ndani, na wajane waliopata ndugu humu ndani. Akamtazama mzee mwenye mwavuli.

"Bwana asifiwe."

"Sifa kwa Bwana!"

"Ushuhuda wangu mnaujua. Leo una nyongeza. Yule malaika, shati lake nililifua mimi, baada ya maziko. Lilijaa udongo mwekundu, akanidanganya ameteleza shambani. Nikamwamini, nikamkaripia kwa kuchafua nguo. Yule pale nje."

Watu waligeuka. Kuruvilla alijaribu kujificha nyuma ya mwavuli, ukakataa kufunguka. Kisha bibi mmoja wa mkeka wa nyuma akapaza sauti, "Sifa kwa Bwana!" na ukumbi mzima ukamfuata, wengine wakipiga makofi, wengine wakifuta macho.

Baada ya ibada, Mchungaji Shibu, kijana mzuri mwenye wasiwasi mwingi, alimvuta Achamma pembeni.

"Mama, sasa tutawaambia nini watu? Kwamba hakuwa malaika?"

"Nani kasema hakuwa malaika?"

Mchungaji akatazama kule ukutani, kwa mzee.

"Akifa," Achamma akaendelea, "mtamzika pale, ubavuni mwa mtoto."

"Mama, kanuni ulikuwepo wakiitunga. Asiyezamishwa hazikwi ndani ya ukuta."

"Mwanangu Kunjumon alizamishwa mto gani?"

Mchungaji alilitazama lile kaburi dogo, la kwanza kuliko yote, ambalo alilihubiri tangu aje na hakuwahi kulifikiria.

"Nitaongea na wazee."

"Ongea nao. Na hilo swali wapelekee."

Achamma akaenda ukutani, akaketi juu ya mawe kando ya kiti, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Umeniharibia umalaika wangu," Kuruvilla akamwambia.

"Utazikwa hapa."

"Bila kuchemshwa?"

"Bila kuchemshwa."

Akafumba mkono wake juu ya mkono wa mkewe. "Sawa," akasema.

Alifariki jua la kwanza la baada ya mvua lilipotoka. Padri alivuka mto na chetezo chake, akamwombea pale nyumbani, na Mchungaji Shibu akasimama ndani ya moshi wa ubani, akakohoa kwa adabu. Mlimani, kwa ruhusa ya wazee, vijana walipofika na majembe, Achamma aliomba moja. Walimzuia, hakuzuilika. Akakata udongo mara kadhaa, kwa pumzi fupi, karibu na mtoto, kisha akawaachia.

Jioni majirani walimwekea uji wa wali na choroko, wakasimama mlangoni wakinong'onezana kwamba mjane hatagusa. Achamma alinawa, udongo mwekundu ukakataa kutoka kwenye kucha. Akautazama. Kisha akavuta sahani, akala, akamaliza yote.