Nani Kakihamisha Kinyumba?

Bi Mwanamize wa Machomane alikuwa amefikisha miaka sitini na mitatu alipojifunza intaneti, na alijifunza vilevile alivyojifunza kushona kofia ujanani: kwa mkono. Msahafu aliusoma bila kusita na barua ya herufi za Kiarabu aliiandika mwenyewe, lakini yale maneno ya Kiingereza yaliyotapakaa kwenye kioo cha kompyuta aliyaona kama sisimizi waliovamia sukari. Basi hakuyasoma. Aliyahesabu. Juu kushoto kuna mshale wa kurudi, ukifuatiwa na mshale wa kwenda, kisha kiduara, kisha kinyumba kidogo chenye paa. Ukikibonyeza kinyumba unafika kwenye barua zako. Mkono ukishajua njia, macho ya nini?

Kwa njia hiyo, kila Jumanne na Jumamosi asubuhi aliingia katika chumba cha intaneti cha Widad pale Chake Chake, akakaa kwenye mashine ya tatu, ile iliyobandikwa herufi za Kiarabu kwenye kibodi, akampelekea Wafa picha za kofia zake mpya. Wafa, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa akiishi Doha, na huko alikuwa na orodha ndefu ya wanaume waliotaka kofia za viua za shangazi yake.

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka mzima, tangu umeme wa Tanga ulipoingia kisiwani kupitia Wesha na kompyuta zikaacha kuzimikazimika. Hata Jumanne moja ya mwezi wa nne mwaka 2011, mvua ya masika inamwagika, chumba kimejaa watu kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka nje. Bi Mwanamize akakaa, akafunua kofia aliyoifunga kwenye leso, akanyoosha mkono kwenye mausi, akabonyeza pale pale anapobonyeza siku zote.

Hakukuwa na kitu pale. Akabonyeza tena. Akasogeza uso. Ule mstari wa maneno uliokuwa juu kabisa haupo. Kiduara hakipo. Kinyumba, kinyumba chake, hakipo! Mahali pake pana uwazi mweupe, na kule kona ya juu kabisa kimeota kitufe kipya cha kijani.

"Nani kakihamisha kinyumba changu?" akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umezibwa kwa matofali.

Widad, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa mwenye duka, akaja mbio. "Bibi, wallahi mie sijagusa kitu. Nimefungua asubuhi nikaikuta brauza imejigeuza yenyewe. Watengenezaji wake huko waliko wameleta mpya."

"Wameileta? Nani kawaagiza?"

"Hakuna aliyewaagiza, Bibi. Huja tu."

"Wewe umepotelewa na kinyumba," akadakia Mzee Badar kutoka mashine ya kwanza. "Mie nimepotelewa na baraza nzima! Ule mstari wa juu wote nshauzoea, leo wameung'oa!" Mzee Badar alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa maneno mazito na koti hata wakati wa joto. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu yasiyomalizika kwa macho. Yeye alibakiwa na koti, gazeti la Muscat analolisoma kila siku kwenye mashine ya kwanza, na sauti ya darasani.

"Mimi nimeipenda," akasema mtu mmoja taratibu.

Chumba kizima kikageuka. Alikuwa Mwalimu Konsolata, mama wa Bukoba aliyekuwa akifundisha Kiingereza sekondari mwaka wa sita huo. "Tazameni," akasema, "wamepunguza makorokoro. Ukurasa umekuwa mpana. Mtu anapumua."

"Anapumua!" Bi Mwanamize akashika kiuno akiwa kakaa. "Mwalimu, nyumba ukiitoa vitanda vyote nayo inakuwa pana. Utalala wapi?"

Watu wakacheka, Konsolata akacheka kuliko wote. Kisha kijana mmoja wa forodhani akauliza, "Na hichi cha kijani kilichoota hapa kona, kimetoka wapi?"

Mtu akakohoa. Mwingine akatazama dari. Pemba, mtu haulizi hivihivi kitu kimekuwaje kijani, rangi ya chama tawala. Ndipo Mzee Badar akasema kwa utulivu, "Tusubiri, huenda kesho wakaongeza chekundu, wakaunda umoja," na chumba kikapasuka kwa kicheko hata mvua haikusikika. Miaka michache nyuma, kabla vyama viwili hasimu havijaunda serikali ya umoja, hakuna ambaye angethubutu kusema vile mbele za watu. Bi Mwanamize alicheka mpaka akalazimika kuivua miwani.

Lakini picha za Wafa bado zilikuwa hazijaenda. Widad akaanza kupekuapekua, na ndani ya kile kitufe cha kijani akakuta sura mbili ndogo za katuni, moja inacheka, moja imenuna.

Konsolata akasogea, akasoma. "Hapa wanauliza umeionaje. Ukifurahi bonyeza anayecheka. Ukiudhika bonyeza aliyenuna, uwaandikie sababu."

"Aliyenuna yuko wapi?" wakauliza watu watano kwa pamoja.

Ikawa foleni. Mzee Badar akaandika kwa Kiingereza cha zamani kilichonyooka kama rula, aya nne. Kijana wa forodhani akaandika neno moja ambalo Konsolata alikataa kulitafsiri. Zamu ya Bi Mwanamize ilipofika, aliitaka kibodi, kisha akaisukuma kwa Konsolata.

"Niandikie wewe, Mwalimu. Ila usinipunguzie neno."

"Haya, Bi Mwanamize. Sema."

Akajiweka sawa. Kicheko kikamtoka usoni, akawa kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake. "Assalaam alaykum. Mimi ni Mwanamize binti Vuai, mshonaji kofia, Chake Chake, Pemba. Kazi yenu nimeitazama. Mmetoa vilivyozidi, na hilo sikulaumuni. Hata mimi nakshi ikijaa sana huifumua. Lakini kofia ina mshono mmoja nyuma. Mtu akiamka alfajiri, taa haijawashwa, huupapasa mshono ule kwa kidole, akajua nyuma ni wapi, akaivaa kofia yake akaenda kusali. Kila mwaka mimi hubadilisha maua. Mshono ule siuhamishi. Nyinyi mmeuhamisha. Wassalaam."

Konsolata aliandika mpaka mwisho. "Bi Mwanamize," akasema, "mimi bado naipenda hii mpya. Lakini hili sikuwa nimelifikiria." Akaweka na anwani ya barua pepe ya duka, akatuma.

Siku ile Widad mwenyewe ndiye aliyempelekea Wafa zile picha, na Bi Mwanamize akarudi Machomane akiwa mwepesi wa moyo, kama aliyemwambia jirani jambo lililomkaa rohoni muda mrefu.

Siku ya tisa, akiwa kibarazani anatia uzi kwenye sindano, akamwona Widad anakuja mbio na mwavuli uliogeuka nje ndani, mguu mmoja kiatu, mwingine ndara.

"Bibi! Wamejibu! Wamekujibu wewe!"

"Nani?"

"Wale! Wa brauza! Wanataka kukuona!"

Sindano ikaanguka na hawakuiona tena. Jibu lilitoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa miongoni mwa wachoraji wa ile sura mpya. Alisema wamepokea malalamiko maelfu kwa maelfu, mengi ya matusi, na hili la mshono wa kofia lilibandikwa ukutani ofisini kwao. Anaomba, kama Bi Mwanamize hatajali, wakutane kwenye kamera, amwangalie anavyoitumia.

Jumamosi iliyofuata viatu vilirundikana mlangoni kwa Widad kama penye maulidi. Bi Mwanamize alikuja na buibui jipya, wanja machoni, na ushungi aliourekebisha mara saba. Mzee Badar alivaa koti na kofia aliyoshonewa na Bi Mwanamize mwenyewe, akakaa mahali ambapo kamera ingeiona. Konsolata akakaa ubavuni kuwa mkalimani.

Kioo kikawaka, akatokea mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi na kikombe mkononi. Akasalimu, akaeleza. Konsolata akageuka kwa watu. "Anasema ana sharti moja. Bi Mwanamize asisaidiwe na mtu. Msimwambie kitu."

Sharti lile kwa watu wa Chake lilikuwa zito kuliko gunia la karafuu mbichi. Bi Mwanamize alipoombwa arudi kwenye ukurasa wake wa barua, mausi yake ikakimbilia kushoto kama kawaida, na nyuma yake watu thelathini wakavuta pumzi.

"Kulia," mtu akanong'ona.

"Kulia, Bibi, kulia juu!" akaongeza mwingine.

Yule mama akainua kidole kwenye kioo. Wote wakajiziba midomo. Mzee Badar alijiziba kwa mikono miwili.

"Mwambie," Bi Mwanamize akamwambia Konsolata, mausi bado ikizunguka kwenye ule uwazi mweupe, "mkono wangu unakuja kuno. Najua kwamba hakipo. Macho yamekubali, mkono haukubali. Naona haya kupapasa patupu kila nikija."

Konsolata akatafsiri. Yule mama aliweka kikombe chini akaandika kwa muda. Kisha akauliza swali moja.

"Anasema, kama hii ingekuwa kofia yako, ungekiweka wapi?"

Bi Mwanamize akagusa kioo kwa kidole. "Hapa."

Yule mama akatabasamu, akaanza kueleza polepole, Konsolata akifuata nyuma yake. Bonyeza kwa upande wa pili wa mausi. Sasa chagua neno la mwisho chini. Sasa kile kinyumba kule kulia kikamate, usikiachie, kiburute.

"Nikiburute? Chenyewe?"

"Chenyewe."

Kinyumba kikang'oka. Kikaanza kusafiri juu ya kioo. Katikati ya njia kikamponyoka, watu wakaguta, "Aaah!" Akakikamata tena. Akakipitisha juu ya ile nafasi ya kuandikia, akakivusha, akakifikisha kushoto baada ya mishale, akaachia. Kikakaa.

Kilichofuata hakikuwa cha intaneti tena. Vigelegele vilipigwa mpaka mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani anaolewa. Widad alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Bi Mwanamize alishika mashavu yake mawili, akisema tu, "Nimekihamisha mie! Mie mwenyewe!"

Yule mama kwenye kioo alivitoa masikioni vile visikilizio, akauliza ni sauti gani ile. Konsolata akamweleza. Naye akajaribu. Alichotoa kilifanana na birika linalochemka, na kwa kuwa watu wale hawakuweza kumwacha mgeni katika hali ile, nusu saa iliyobaki ilitumika kumfundisha: ulimi juu, Mama, hapana, usiumeze, utikise! Alipopata kimoja kizima, chenye mwanzo na mwisho, chumba kilisimama kumpigia makofi, na huko alikokuwa wenzake nao walikuja kuchungulia mlangoni.

Balaa lilianza Jumapili. Kila mtu aliyeona kinyumba kinahamishika alitaka kuhamisha chake. Kijana wa forodhani akaitupa chini ile nyota ya kuwekea kurasa alama. Mzee Badar akaurudisha ule mstari wake wote wa juu, akafurika fahari. Aliyekaa baada yake akaung'oa. Hadi Jumatano mashine tano zilikuwa na sura tano, na Widad akawa hafanyi kazi nyingine ila kuamua ugomvi.

"Basi," akasema. "Tutapiga kura. Mpangilio utakaoshinda ndio wa mashine zote, mpaka mwisho wa mwaka."

Wagombea wakawa wawili: mpangilio wa Bi Mwanamize, mtupu na kinyumba kushoto, na wa Mzee Badar, wenye kila kitu kilichowahi kuwapo. Sanduku likawa bati la biskuti. Konsolata, kwa kuwa mgeni wa pande zote, akawa msimamizi. Mzee Badar alifanya kampeni kwa hotuba; Bi Mwanamize alifanya kwa visheti. Kura zilihesabiwa mbele ya macho ya watu, mchana kweupe, kwa sauti, moja baada ya moja, na matokeo yakatangazwa siku ile ile, jambo ambalo watu walilisifu kuliko matokeo yenyewe. Mzee Badar kura kumi na tisa. Bi Mwanamize ishirini na tatu. Moja iliharibika; mwenyewe aliandika aletewe chai.

Mzee Badar alisimama, akafunga vifungo vya koti, akampa mwenziwe mkono wa heko. "Nimekubali," akasema. "Ila nyota ibaki kulia."

"Ibaki, Mzee wangu. Nakupa na mshale wa kwenda, siutumii."

Wakacheka wote wawili kama watoto waliopatana. Bi Mwanamize akakaa kwenye mashine ya tatu, akafungua barua bila kutazama, akamwandikia Wafa maneno mawili tu yaliyokuwa yanamfurukuta: nimeshinda uchaguzi.

Jibu likaja kabla hajamaliza kisheti chake.

"Shangazi! Uchaguzi gani? Kwa chama gani?"

Alicheka mpaka Widad akamletea maji.